Ukili wa Karatasi

Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi wa kazi za mikono mjini Wete, Pemba, mwanzoni mwa mwezi wa Shaabani. Msemaji ameyaandika upya kwa ajili ya wale ambao siku ile hawakuwahi kufika.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu mliokaa mbele, walimu, mama zangu na dada zangu, na nyinyi wanangu mliosimama madirishani kwa kukosa viti.

Nimeombwa nizungumze juu ya kadi za salamu zinazotengenezwa kwa mkono na kupigwa mihuri, na juu ya namna mtu mwenye nyumba, watoto na ajira anavyoweza kuifanya kazi hiyo bila ya nyumba kumpotea. Ombi lilipofika nilicheka, kwa sababu aliyeniomba ananijua. Aliwahi kuja kwangu Alkhamisi moja jioni akaikuta meza yetu, ambayo ni moja tu, ina kadi sita zinazokauka upande wa dirishani, daftari la hesabu la mtoto wa darasa la 4 upande wa pili, na katikati yake sinia la mchele unaochaguliwa. Hakuniuliza nafasi ninaipata wapi. Aliniuliza kadi zipi zihamishwe ili sinia lisimwagike, akakaa, akaanza kuchagua mchele.

Meza ile ndiyo karakana yangu, na sijapata kuwa na nyengine. Nalisema hilo mapema kwa kuwa wengi wanaoziona kadi zangu hudhani kwamba nina chumba maalumu, kabati la vifaa na saa mbili za utulivu kila siku. Saa mbili za utulivu nilizipata mara ya mwisho nilipolazwa kwa kujifungua mtoto wa tatu, na hata hizo zilikatizwa.

Jibu la swali la nafasi nililirithi kwa bibi yangu mzaa mama, ambaye hakujaaliwa kuiona hata kadi moja ya kwangu. Bibi alikuwa msusi wa mikeka huko Micheweni. Katika miaka yote niliyokaa naye sikupata kumwona akikaa chini na kusema kwamba leo anatengeneza mkeka. Alichokuwa nacho mkononi wakati wote ni ukili: chane za ukindu zinazopishana, upana wa vidole viwili au vitatu, zikirefuka kidogo kidogo huku yeye akisubiri sufuria ichemke, akisikiliza habari za jirani, akimkataza mjukuu asiende mbali, au akiwa njiani kwenda kuhani. Akiitwa, aliuweka, akirudi, aliuchukua pale pale ulipokomea, na vidole vilijua vianzie wapi. Ukili ulipopata urefu aliuviringisha kama gurudumu akautundika, akaanza mwengine. Siku ya kushona mkeka ilipofika, kazi ilikwisha upesi kuliko mtu alivyotarajia, kwa sababu sehemu yake kubwa ilishafanywa zamani katika dakika ambazo hakuna aliyezihesabu.

Kadi nazo zinataka kusukwa namna hiyo. Anayesubiri siku tupu ili atengeneze kadi moja tangu karatasi mpaka bahasha atapata kadi moja kwa mwaka, na itakuwa ya haraka. Anayeigawa kazi katika vipande ambavyo kila kimoja kinaweza kuwekwa chini mtoto anapolia, kisha kikaokotwa bila ya kuharibika, huyo ataifikia Idi akiwa na kadi 30 na bado amepika.

Tuanze na karatasi. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina uzito wa gramu 80 kwa mita moja ya mraba, nayo ni laini mno. Kadi ya karatasi hiyo huanguka kifudifudi juu ya kabati kabla mgeni hajaisoma. Tafuteni karatasi ngumu ya gramu 200 hadi 300, au manila ile ile wanayochorea walimu ramani, mradi mkiishika pembe moja isining'inie kama jani lililonyauka. Karatasi ya A4 ina sentimita 21 kwa 29.7. Ukiukata urefu wake katikati unapata vipande viwili vya A5, na kila kipande kikikunjwa mara moja kinakuwa kadi ya sentimita 10.5 kwa 14.8. Hivyo karatasi 15 zinatoa kadi 30, na hesabu hiyo siifanyi mimi: humwachia mtoto wa darasa la 4, na anapoimaliza, kazi yake ya skuli na kazi yangu zimesonga pamoja.

Kabla ya kukunja, pitisheni rula na kitu chenye ncha butu mahali pa mkunjo, kama sindano ya kufumia au kalamu iliyokwisha wino, ili karatasi ijue pa kuvunjikia. Karatasi ina mwelekeo wa nyuzi zake kama kitambaa. Ipindeni kidogo kwa urefu, kisha kwa upana, bila ya kuivunja, na mtahisi upande mmoja unakubali na mwengine unagoma. Mkunjo uufuate upande unaokubali, ama sivyo mgongo wa kadi utatoa vinyweleo. Kazi zote hizi hazina wino na hazimwogopi mtoto. Mimi hukata na kukunja huku nikimsikiliza kijana wangu akirudia sura aliyopewa chuoni, na mara nyingi ni rula yangu inayosimama kwanza anapokosea.

Bahasha msizinunue. Kata mraba wa sentimita 20 kila upande kutoka karatasi ya A4, weka kadi katikati yake kwa mshazari, na uzikunje pembe zote nne juu ya kadi. Za kushoto na kulia kwanza, ya chini baadaye, ya juu mwisho. Gundi kidogo pale pembe ya chini inapozikuta za pembeni, basi. Mtoto wa miaka 9 akionyeshwa mara mbili anaweza, na karatasi ya gramu 80 niliyoilaumu kwa kadi hapa ndipo penye kazi yake.

Nije sasa kwenye mihuri, ambako nitakaa zaidi.

Kwetu sisi neno muhuri lina uzito wake. Barua ya sheha, yaani kiongozi wa mtaa, isiyo na muhuri hakuna anayeipokea, hata kama maneno yake ni ya kweli na mwandiko wake mzuri, na kwa hivyo tumezoea kuuona muhuri kuwa ni kitu cha kwenda kuombwa na kungojewa nje ya mlango. Uzito huo ni wa zamani. Hadithi sahihi zinatueleza kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alipokusudia kuwaandikia wafalme wa nje aliambiwa kuwa wao hawasomi barua isiyo na muhuri, na hapo ikatengenezwa pete ya fedha yenye maandishi ya mistari mitatu: Muhammad, Rasul, Allah. Muhuri wa mpira, huu tunaoujua maofisini, umri wake ni mdogo zaidi. Ulisubiri mwaka 1839, pale Mmarekani Charles Goodyear alipogundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto mkali hauyeyuki tena kwa joto wala haukakamai kwa baridi. Hataza yake aliipata mwaka 1844, na katika miaka iliyofuata mpira huo ukaanza kumiminwa katika kalibu za herufi na picha.

Hata hivyo, kupiga chapa kwa mkono hatukukufundishwa na maofisi. Katika karne ya 19, kabla kanga za viwandani hazijaenea, palikuwa na vitambaa vya merikani, yaani ile pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa Unguja na merikebu za Wamarekani, vilivyopigwa nakshi kwa vibao vilivyochongwa. Aliyekuwa akikichovya kibao rangini na kukikandamiza juu ya nguo, safu baada ya safu, bila ya kuacha pengo wala kupandisha nakshi moja juu ya nyengine, alikuwa akifanya hasa ninachokifanya mimi juu ya meza yenye mchele.

Na kanga yenyewe ndiyo iliyonifundisha kupanga kadi. Nilipoanza nilikuwa nikipiga mihuri popote penye uwazi, ua hapa, nyota kule, mpaka kadi ikawa kama ukuta wa skuli ya watoto wadogo. Siku moja nilikuwa naanua kanga kambani, nikasimama nayo. Kanga ina pindo linaloizunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina chini ya mji. Pindo linatuliza macho, mji unayaita, jina linasema. Toka siku ile kila kadi yangu ina pindo la muhuri mdogo unaorudiwa, ina mji wa muhuri mmoja mkubwa au mitatu inayokaa pamoja, na ina jina, na ikiwa nimechoka sana huacha mji mtupu kabisa na kuyaweka maneno mahali pake, na kadi hizo za uchovu, kusema kweli, ndizo zinazosifiwa zaidi.

Mihuri mnaweza kuinunua, na sitamkataza mwenye uwezo. Lakini mihuri mingi ya dukani imechongwa kwa ajili ya nyumba za watu wengine. Ina theluji, ina miti ya misonobari, ina majani ya mti ambao sijawahi kuuona. Karafuu haimo, na mtepe, kile chombo chetu cha kale cha kushonwa kwa kamba, haumo. Kwa hiyo tukitaka vya kwetu itabidi tuvichonge, na vitu vya kuchongea vimo humu humu majumbani. Kifutio cha skuli kinachonga vizuri kuliko kitu chochote ninachokijua. Ndara iliyokatika kanda msiitupe. Soli yake, ikioshwa na kukaushwa, inakatika kwa wembe na inashika wino, na muhuri mkubwa wa mji huwezi kuupata kwa rahisi zaidi. Mbatata inafaa kwa jioni moja tu, na ni lazima uifute maji yake na kuiacha ikauke kidogo, kwa maana maji hayo yanaufukuza wino. Kikonyo cha jani la mgomba kikikatwa kwa upana kina vyumba vidogo vidogo kama wavu, na chapa yake hufanana na nyavu zilizoanikwa. Na bamia, jamani, bamia ni muhuri ulioshushwa tayari: ikate kwa upana, iache saa moja ikauke ute, ichovye, na una ua lenye vyumba vitano ambalo hakuna fundi anayelichonga sawa hivyo. Nakumbuka siku nilipolionyesha hilo darasani mama mmoja alisema kwamba miaka 40 amekuwa akizitia bamia kwenye mchuzi bila ya kujua kuwa anatia maua.

Katika kuchonga kuna mambo mawili ambayo mwalimu asiyeyasema anawadhulumu wanafunzi wake. Moja ni kwamba wembe uelekezwe nje ya mstari, ili ukuta wa nakshi uwe mpana chini na mwembamba juu, kama tuta la muhogo. Ukichimba kwa ndani, mstari unabaki hauna mguu na utakatika kwenye kadi ya tano. La pili limenipa aibu mimi mwenyewe. Nilipochonga muhuri wangu wa kwanza wa maneno nilitumia usiku mzima kuandika HONGERA juu ya soli ya ndara, herufi zimenyooka, nimejisifu, nikalala. Asubuhi nikapiga kadi 12 za harusi ya wifi yangu, na zote 12 zikatoka zinasomeka kutoka kulia kwenda kushoto, na kila herufi imegeuka. Mama mkwe wangu alizitazama kwa utulivu, akasema kwamba hazina tatizo, kila mgeni apewe na kioo. Neno huchongwa kwa kinyume. Andikeni kwa penseli laini juu ya karatasi nyembamba, igeuzeni juu ya mpira, na msugue kwa mgongo wa kijiko. Penseli itahamia ikiwa imegeuka, nanyi mtachonga mnachokiona. Kwa herufi za Kiarabu njia ni hiyo hiyo, na nukta zihesabiwe mara mbili.

Nilijifariji baadaye nilipojua kwamba makosa ya chapa katika visiwa hivi yana historia ya heshima. Mwaka 1895 stempu za posta za India zilipigwa chapa ya jina la Zanzibar juu yake ili zitumike hapa, na kazi hiyo ilifanywa papo hapo Unguja, katika mtambo uliokuwa ukichapisha gazeti. Fundi, ambaye huenda naye alikuwa na watoto nyumbani, alichanganya herufi, na baadhi ya stempu zikatoka zimeandikwa Zanzidar. Leo wakusanyaji wa stempu duniani wanazitafuta zile zenye kosa kwa bei kubwa kuliko zilizo sahihi. Kadi zangu 12 bado hazijatafutwa na mtu.

Wino na mkono. Usiubamize muhuri ndani ya pedi. Ugonge juu yake mara kadhaa kwa wepesi, uutazame kwenye mwanga, na ujaribu kwanza kwenye karatasi ya kutupwa. Chini ya kadi weka magazeti machache ili pawe na ulaini. Shusha muhuri wima, kandamiza bila ya kuutikisa, unyanyue wima. Wanaoharibu ni wale wanaouyumbisha mbele na nyuma kama wanatwanga, na kingo za mpira zinaacha kivuli. Ukitaka ua lililo hafifu nyuma ya ua lililokoza, piga kwanza kwenye karatasi ya kutupwa, kisha, bila ya kutia wino tena, piga kwenye kadi. Na ukitaka kitu kimoja kionekane kimekaa nyuma ya kingine, kipige kwanza kile cha mbele, kifunike kwa umbo lake lililokatwa katika karatasi nyembamba, halafu piga cha nyuma juu ya vyote. Ukiondoa kifuniko utaona kama kwamba umechora.

Wino upo wa namna mbili kuu. Upo unaonyonywa na karatasi na kukauka upesi, na upo ule mzito unaokaa juu ya karatasi, wenye rangi ya kukoza na usiopauka haraka kwa mwanga, lakini unachelewa kukauka. Katika kaskazi kavu huo mzito unapendeza. Katika masika ni mtihani. Mwaka juzi nilizipiga kadi usiku wa mvua, asubuhi nikazipanga moja juu ya moja nikiamini zimekauka, na mchana zikawa zimepeana maua mgongoni. Siku hizi, kuanzia mwezi wa Machi mpaka mvua ziishe, natumia wino wa kunyonywa peke yake, na karatasi nazihifadhi katika bati la biskuti lenye kifuniko cha kubana, pamoja na mchele mkavu katika kijifuko cha kitambaa, kwa sababu manila ikinywa unyevu inajipinda na haikunjiki sawa tena. Mihuri ifutwe kwa kitambaa chenye maji kidogo mara tu kazi inapokwisha, na isianikwe juani.

Hicho cha wino ndicho kipande pekee kisichotaka mtoto mdogo karibu, na nikiri kwamba nililijua hilo kwa kuchelewa. Binti yangu wa miaka 4 alipata muhuri wa bamia na pedi iliyo wazi kwa muda ambao mimi niliutumia kufunga mlango wa kuku. Alipiga mezani, akapiga mguuni pake, na akapiga, kwa ustadi ambao ulinishangaza, katikati kabisa ya fomu ambayo baba yake alikuwa ameijaza ili aipeleke ofisini asubuhi. Fomu ilikataliwa. Ofisa aliyeipokea alisema kwamba inatakiwa muhuri mmoja, na huu si wenyewe. Tangu siku hiyo wino hutoka baada ya sala ya isha, watoto wakiwa wamelala, na hautoki kwa zaidi ya nusu saa. Katika nusu saa napiga pindo la kadi nane au kumi. Usiku mwengine napiga mji. Kwa kuwa zilishakatwa na kukunjwa, siamki kutafuta mkasi, na huo ndio ubora wa ukili: mkono hauulizi.

Wakubwa wao nawashirikisha katika rangi, kwa kujaza maua kwa penseli za rangi, nao hubishana nani apake karafuu. Wanaotoka miji isiyo na karafuu huipaka rangi ya udongo, wanangu huipaka kijani yenye wekundu kichwani, kwa sababu wao wanaijua ikiwa mtini kabla haijaanikwa.

Sasa jina, yaani maneno. Hapa nina ukali kidogo, na mnisamehe. Kadi iliyopigwa vizuri na kuandikwa maneno ambayo yangeweza kumfaa mtu yeyote ni kanga iliyofutika jina. Kabla sijaandika najiuliza jambo moja analolijua yeye na mimi tu. Kwa shangazi yangu aliyeko Ng'ambo, Unguja, sikuandika mwaka jana zaidi ya kumtakia Idi njema na kumwambia kwamba mwembe aliouacha umezaa na kwamba watoto wameagizwa wasiuparamie, nao wameuparamia. Nilipomtembelea niliikuta kadi ile nyuma ya kioo cha kabati la vikombe, imeegeshwa kwenye birika la kahawa. Maua yake hakuyataja. Aliniuliza nani aliyeuparamia.

Na jambo jengine ambalo ni la adabu. Nawaomba msiandike aya za Qur-ani juu ya kadi, hata kama mwandiko wenu wa Kiarabu ni mzuri na nia yenu ni njema. Kadi ina mwisho wake. Nyengine itakaa kabatini miaka 20, nyengine itakanyagwa, nyengine itafika jaani na maganda ya ndizi. Dua kwa maneno yetu ya Kiswahili inatosha, na anayeombewa anaielewa vizuri zaidi.

Wapo watakaosema, na vijana walioko dirishani naona wameshaanza kutazamana, kwamba siku ya Idi simu inaleta picha za salamu mia kabla ya chai. Ni kweli, na mimi pia natuma, maana nina jamaa Dar es Salaam na Maskati ambao kadi haitawafikia kwa wakati. Simu ni ya watu wote. Kadi nawachagulia watu wachache: wazee wasiokuwa na simu za picha, walimu wa watoto, jirani aliyetusaidia mwaka huo, na mtu mmoja ambaye tumekosana. Huyo wa mwisho ni mgumu, na kadi yake huwa naiandika mwisho, lakini nimeona kwamba bahasha inapita mlangoni pale ambapo mimi mwenyewe ningeona haya kubisha hodi.

Juu ya kuuza sitasema mengi, kwa kuwa biashara ina walimu wake. Hesabuni karatasi, wino na gundi, kisha mhesabu na usiku wenu, kwa sababu mgeni anayenunua kadi Mji Mkongwe analipia pia macho yaliyokaa juu ya taa. Wala msiitumie mihuri yenu yote ya mji katika kadi za kuuza. Bakisheni angalau mmoja ambao nakshi yake inaonekana katika kadi za ndugu zenu tu.

Kwa mwaka huu mpango wangu uko hivi, na anayetaka auchukue. Katika mwezi huu wa Shaabani tunakata, tunakunja na kutengeneza bahasha, na mihuri mipya ichongwe kabla mwezi haujafika nusu. Pindo na mji vipigwe katika wiki mbili za mwisho. Ramadhani ikiingia wino unafungiwa, kwa sababu baada ya futari na tarawehe hakuna mwenye mkono uliotulia, na mwenye kusema anao nitaomba aje kwangu. Katika kumi la kati naandika maneno, kadi mbili au tatu kila baada ya daku, wakati nyumba imenyamaza. Za Unguja ziwe tayari kuondoka na meli ya Mkoani wiki moja kabla ya Idi, kwa mkono wa msafiri anayeaminika. Za hapa Wete, Konde na Chake Chake watoto wanazipeleka wenyewe Idi mosi asubuhi wakiwa wamevaa nguo mpya, na hawarudi mikono mitupu.

Nimesema mengi kuliko nilivyoruhusiwa. Pale ukutani kuna meza tatu. Ya kwanza ina karatasi na rula, ya pili ina vifutio, ndara na nyembe, na hiyo haina ruhusa kwa aliye chini ya miaka 12. Ya tatu ina pedi za wino na sahani ya bamia zilizokatwa tangu asubuhi, kwa hiyo zimeshakauka. Kila mtu atapata karatasi moja, na inatoa kadi mbili. Wenye watoto wanaolia nawaomba waanze wao; nitawashikia watoto, na nyinyi wengine msogee kidogo wapate kupita.